Uliza Mwalimu: Hadithi ipi nichague?

Mwezi huu barua nyingi ni za watoto wa sekondari, naona walimu wa Kiingereza hapa Tanga kama wamekaa kikao wakatoa kazi moja, maana Makorora wanauliza, Chumbageni wanauliza, mpaka kule Pangani wanauliza kitu kile kile. Wale wa mambo ya ndoa na mikopo nivumilieni, zamu yenu toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Ticha. Mie niko kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa Kiingereza katuambia kila mtu achague hadithi fupi moja ya zamani anayoipenda, aichambue kurasa mbili halafu asimame mbele ya darasa aieleze. Katupa orodha ya kama kumi hivi. Nimesoma tatu, The Necklace, The Gift of the Magi na The Monkey's Paw, zote nimezielewa ila hakuna hata moja naweza kusema naipenda, yaani kuipenda kweli. Rafiki yangu ananiambia nichukue The Necklace kwa vile uchambuzi wake umejaa mtandaoni, naokota tu. Mwengine anasema ile si ya Kiingereza ni ya Kifaransa, nitakatwa maksi. Kuwasilisha ni wiki ijayo. Nishike ipi? Aliyekwama, Makorora.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la Kifaransa tulimalize kwanza maana ni jepesi. Guy de Maupassant kweli alikuwa Mfaransa na hadithi yake ilitoka gazetini Paris mwaka 1884, lakini unayosoma wewe imeshafasiriwa na mwalimu wako mwenyewe ndo kaiweka kwenye orodha, sasa akukate maksi kwa lipi? Tolstoy na Chekhov ni Warusi na wanasomwa kwenye madarasa ya Kiingereza miaka nenda rudi. Kitu kimoja tu cha kuangalia, usije ukang'ang'ania neno moja la Kiingereza ukasema mwandishi kalichagua kwa makusudi, hilo neno kalichagua mfasiri, na mfasiri mwengine kaweka lengine. Wewe shika kilichotendeka, nani kafanya nini na nani hakufanya.

Haya, sasa hilo neno "anayoipenda" ndo limekutega. Watoto mkisikia hivo mnatafuta hadithi iliyowafurahisha kama muvi. Mie nakwambia tafuta iliyokukera. Yaani iliyo na mahali umefika ukasimama ukasema "ah, sasa kwa nini?" Hiyo ndo yako, hata kama huipendi, hata kama umeifunga kwa hasira ukaenda kulala.

Na kwa vile umenitaja The Necklace ngoja nikupe aibu yangu. Hadithi hiyo nimeifundisha karibu miaka ishirini. Kwa ambaye hajaisoma ni hivi, kuna mwanamke anaitwa Mathilde, mumewe karani wa wizara, maisha ya kawaida tu lakini yeye roho yote iko kwa matajiri. Wanapata kadi ya dhifa. Mume anatoa faranga 400 alizokuwa akidunduliza anunue bunduki ya kuwindia ndege, anampa mkewe akashone gauni. Gauni likaja, sasa shingo tupu, basi anakwenda kuazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, Madame Forestier. Anang'ara usiku kucha mpaka saa kumi alfajiri, wanarudi nyumbani, mkufu haupo. Wanatafuta wanakosa. Wakaona bora wanunue unaofanana warudishe kimya kimya, faranga 36,000, mume ana 18,000 za urithi wa baba yake na zilobaki wanakopa huku na huku mpaka kwa wala riba. Miaka kumi wanalipa. Mtumishi kaondolewa, Mathilde anafua na kusugua masufuria na kubishania senti sokoni, mume usiku ananakili makaratasi ya watu apate vijisenti. Deni likaisha. Siku moja Mathilde anakutana na Madame Forestier barabarani, anamweleza yote, ndo yule bibi anamwambia masikini Mathilde, mkufu wangu ulikuwa bandia, bei yake haizidi faranga 500.

Notisi zangu za ubaoni zilikuwa zile zile kila mwaka. Dhamira tamaa, majivuno, matabaka. Ujumbe ridhika na ulichonacho. Wahusika fulani na fulani. Watoto wanakopi, wanafaulu, tunafuta ubao.

Sasa siku moja mchana, saa nane lile jua letu, bati linalia juu kama mtu anakaanga bisi, watoto themanini nusu wamelala, binti mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono. Mama yake alikuwa mtu wa kuazimisha dhahabu za harusi, mnazijua zile, seti nzima ya mkufu na bangili na herini, bibi harusi anavaa anapiga picha kisha vinarudi. Akasema, "Ticha, kwetu dhahabu ikirudi mama anafungua kiboksi pale pale mbele ya aliyeazima, anakagua panapofungia, anahesabu bangili moja moja, ndo anasema ahsante. Huyu mama wa Kizungu karudishiwa almasi, tena imechelewa na mwenyewe kanuna. Mbona hakufungua?"

Mie nikamwambia kaa chini, hilo halipo kwenye notisi. Walahi ndo nilivosema.

Nikapanda baiskeli yangu kurudi Ngamiani, nafika njiani lile swali limenikaa kichwani kama mwiba wa samaki. Kweli, mbona hakufungua? Na jibu lipo, tena liko wazi mpaka linachekesha, hakufungua kwa sababu kwake yeye mle ndani hamna almasi. Mtu afungue kukagua kitu cha bei ndogo ili iwe nini? Kalalamika tu kwamba angeweza kuuhitaji mapema, kachukua kiboksi kaweka. Mwandishi katwambia siri nzima kabla ya ile miaka kumi kuanza, na sote tumepita hapo tukikimbilia mwisho.

Nyumbani sikula, nikasoma upya kwa penseli, na nikakuta pengine. Ule mkufu ulipopotea walichukua kiboksi, ndani kimeandikwa jina la sonara, wakamfuata. Sonara akapekua madaftari yake akawaambia mkufu huo si mie nilouuza, mie nilitoa kiboksi tu. Ona hapo! Kiboksi cha duka hili, mkufu wa kwengine. Mama yake yule binti angesimama palepale akasema hebu ngoja kwanza. Wale wawili hawakusimama, wakaenda duka la pili na la tatu wakitafuta unaofanana, nami miaka ishirini nikawafuata nyuma na chaki mkononi.

Kwa hiyo ukichukua The Necklace kurasa zako mbili ni hizo, kiboksi kisichofunguliwa na kiboksi cha sonara, basi. Achana na kupanga dhamira kama bidhaa kwenye shelfu, tunajua mmefundishwa fani na maudhui tangu somo la Kiswahili na vyote mnatafuta mpaka falsafa na msimamo, lakini kurasa mbili ni ndogo, ukitaja vitu kumi hujasema hata kimoja. Na hilo la "tamaa" liangalie vizuri, mie siku hizi naona Maupassant hamchukii Mathilde kama tunavomchukia sisi darasani. Mwanamke aliyekuwa analia kwa kukosa gauni anakuja kubeba ndoo za maji ngazi baada ya ngazi, anasimama kupumua, anaendelea, na halalamiki. Ukitaka wa kumhurumia zaidi basi mume, yeye bunduki yake hakuipata na hakuna anayemsemea hata kwenye mitihani.

The Gift of the Magi nayo si mbaya, ya mwaka 1905, wengi wanaiona tamu mno kama kashata. Ila hebu hesabu pesa zake. Della anataka kumnunulia mumewe zawadi ya Krismasi, ana dola 1 na senti 87, anakata nywele anauza dola 20, ananunua cheni ya saa ya mumewe dola 21, anarudi nyumbani na senti 87 zile zile. Sasa rudi ukurasa wa kwanza, mshahara wa mume umeshuka kutoka dola 30 kwa wiki mpaka 20. Kwa hiyo nywele zake zimeuzwa kwa mshahara wa mumewe wa wiki nzima, kamili. Mwandishi, O. Henry, hajaandika hivo popote, kakuachia ujumlishe. O. Henry aliwahi kufanya kazi benki na akafungwa kwa habari ya pesa za benki hiyohiyo, labda ndo maana senti anazijali hivi, au mie nimezidisha tu. Na The Monkey's Paw ya 1902, ukiichukua usihangaike na uchawi, andika kuhusu mlango. Mzee kapata mkono wa kima wa kutimiza maombi, kaomba pauni 200, kesho yake mwanawe kafia kwenye mashine kiwandani na fidia ni pauni 200, halafu mama anataka mkono uombwe mwana arudi, usiku kuna anayebisha hodi na mpaka hadithi inaisha hatumwoni ni nani.

Kuhusu kuokota mtandaoni sitakupigia kelele. Mwalimu wako naye ana simu, na hiyo samari unayotaka kuipesti kaisoma mwaka jana kwa watoto thelathini, makosa yake ya tahajia keshayakariri.

Ukishindwa kabisa kuchagua fanya hivi, leo jioni kaa jikoni na mdogo wako, mmoja juu ya mbuzi anakuna nazi, msimulie hadithi zote tatu kwa Kiswahili bila kitabu. Ile atakayokukatisha katikati akauliza "sasa kwa nini hakufanya vile?" ukakosa jibu, ndo hiyo hiyo. Anza kuandika kutokea pale alipokukatisha.

SWALI: Assalamu alaykum Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha nne, kachagua hadithi ya mwanamke kaletewa habari mumewe kafa, kaingia chumbani kafunga mlango, badala ya kulia anaanza kufurahi kuwa yuko huru. Nimeisoma mwenyewe, aliiacha mezani. Nimemwambia abadilishe, mama yake anasema nimwache. Nyumba imegawanyika kwa karatasi tatu. Baba wa mabinti, Ngamiani.

JIBU: Waalaykumu salaam mzee mwenzangu, na kwanza nikupe mkono, baba anayesoma kinachoachwa mezani siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi.

Hiyo ni The Story of an Hour ya Kate Chopin, Mmarekani, ya mwaka 1894. Naomba uisome mara ya pili, taratibu, maana nahisi ya kwanza uliisoma umesimama. Mwanamke yule alilia, tena palepale, kwa kishindo, mikononi mwa dada yake. Kisha ndo akaenda chumbani peke yake akaketi mbele ya dirisha. Nje miti inachipua, kuna harufu ya mvua, muuza vitu anapita barabarani akinadi, na neno "huru" linamjia mwenyewe bila kuliita, yeye kwanza analisukuma na halisukumiki. Na hadithi inasema wazi kwamba mume hakuwa mbaya, kamwe hakumtazama mkewe ila kwa mapenzi, na mke anajua atalia tena akiiona ile mikono yake imekunjwa ya maiti. Sasa hapo ndo pana kazi. Mume angekuwa mlevi wa kupiga watu hadithi ingekuwa rahisi na binti yako asingeichagua.

Huyo Chopin alizijua habari hizi kwa karibu. Baba yake alikufa kwenye ajali ya treni mwaka 1855 naye mtoto mdogo, na kwenye hadithi habari inayoletwa ni hiyohiyo ya ajali ya treni. Mumewe mwenyewe alikufa 1882 akamwachia watoto 6, na ni baada ya hapo ndo akaanza kuandika.

Na mwisho umeuona, mlango unafunguliwa anaingia mume mzima na mwavuli wake, hata kwenye ajali hakuwepo, mke anaanguka anafariki. Madaktari wanasema moyo umeshindwa, kauawa na furaha. Nyumba nzima inaamini hivo. Wewe msomaji peke yako ndo unajua alichokuwa nacho mle chumbani saa moja iliyopita. Mwambie binti akueleze kwa nini mwandishi kawaachia madaktari neno la mwisho, wale wasiojua kitu. Akikueleza ukaridhika basi kazi yake imekwisha. Mama watoto yuko sawa, mwache.

SWALI: Ticha, kwa nini tunachambua Wazungu tu wakati Shaaban Robert ni mtu wa hapahapa? Mzalendo, Pangani.

JIBU: Swali zuri umelipeleka somo silo. Shaaban Robert kazaliwa 1909 hapo Vibambani, Machui, kwa baiskeli unafika, na kaandika Kiswahili, kwa hiyo mbebe kwa mwalimu wako wa Kiswahili, naye Adili na Nduguze ataifurahia. Hii kazi ni ya darasa la Kiingereza.

Ila aliyekwambia hadithi za Kiingereza ni za Wazungu tu kakupunja. Muombe mwalimu wako uchukue Dead Men's Path ya Chinua Achebe, ya 1953. Mwalimu mkuu kijana, Michael Obi, kapewa shule ya kuinyoosha, mwaka ni 1949. Kuna kinjia kinakatiza uwanja wa shule kutoka kwenye mzimu wa kijiji mpaka makaburini, mtu hakipiti sana, lakini ni njia ya marehemu na ya watoto wanaokuja kuzaliwa. Obi anakifunga kwa miti na senyenge, asije mkubwa wa elimu akaona mambo ya kishamba. Mzee wa mzimu anakuja kuzungumza naye kwa adabu, Obi anacheka. Siku mbili baadaye mwanamke anafariki akijifungua, kijiji kinaona ni kwa ajili ya ile njia iliyofungwa, kesho yake Obi anaamka bustani imekanyagwa yote na jengo moja limebomolewa, na siku hiyohiyo ndo mkaguzi wa Kizungu anafika. Anaandika ripoti mbaya, tena anamlaumu Obi mwenyewe kwa bidii zake.

Wewe wa Pangani sina haja ya kukufafanulia shule iliyojengwa karibu na makaburi na njia ya mkato ya wanakijiji. Mahali pa kusimama ni pale Obi na yule mzee wanapozungumza, soma nani anapandisha sauti na nani hapandishi, na hesabu mara ngapi Obi anamsikiliza kweli. Hadithi yenyewe fupi, unaimaliza kabla pantoni haijavuka na kurudi.

SWALI: Mwalimu mambo vipi. Mie nataka The Tell-Tale Heart kwa sababu inatisha na darasa litapiga makofi. Ila sijui niseme nini zaidi ya kwamba inatisha. Kidume, Chumbageni.

JIBU: Poa, ila mambo vipi ni ya wenzio, kwangu shikamoo inafika.

Edgar Allan Poe, 1843. Jamaa anatuapia kwamba hana wazimu, halafu ushahidi anaotoa ni jinsi alivyomuua mzee kwa utaratibu, usiku saba anafungua mlango kidogo kidogo na taa yake, wa nane ndo anamaliza, kwa sababu ya jicho tu. Anasema alimpenda yule mzee na dhahabu yake hakuitaka. Kamfukia chini ya mbao za sakafu, polisi watatu wanakuja, kawawekea viti na chake kakiweka juu ya maiti penyewe. Kisha anaanza kusikia moyo unapiga, unapanda, unapanda, mpaka anapiga kelele kukiri.

Cha kusema ni hiki, polisi hawasikii kitu, wanazungumza na kutabasamu. Ule moyo ni wa nani? Na kila tunachokijua tumeambiwa na yeye, jina lake hatuna, jina la mzee hatuna, hata walikuwa nani kwa nani hatujui. Chagua sentensi tatu alizosema ambazo wewe huziamini, eleza kwa nini huziamini, na umemaliza kurasa mbili.

Mbele ya darasa soma zile aya mbili za mwisho kwa sauti, utaona sentensi zinavofupika na kukatikakatika kama mtu anakimbia. Unaweza kugonga dawati kwa kidole pale moyo unapoanza, pole pole kisha upandishe. Kwa kidole nimesema, dawati ni la shule.